Jambo Moja kwa Wakati: Jinsi Timu ya Programu Inavyorekebisha Utaratibu Wake

Hotuba kwa waandaaji wa programu na wasimamizi wa miradi ya TEHAMA, Dodoma

Shikamooni wakubwa zetu. Wenzangu waandaaji wa programu, wachambuzi wa mifumo, wasimamizi wa miradi, na vijana wa vyuo mliojitokeza, habari za asubuhi.

Nitazungumzia jambo moja: timu inayofanya kazi kwa ajaili, yaani kwa hatua fupi fupi huku ikijirekebisha njiani, irekebishe vipi utaratibu wake bila kuuvuruga. Kuanza tumeshajua. Timu nyingi katika mji huu, za taasisi za umma na za kampuni binafsi, zina ubao wa kazi wenye kadi moja kwa kila kazi, zina kikao cha asubuhi na zina sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi iliyopangwa, ya wiki mbili. Shida huja baadaye. Ubao umejaa kadi zisizotembea, kikao cha asubuhi kimegeuka cha kumpa bosi taarifa, na kila sprinti inapoisha nusu ya kazi inahamishiwa sprinti inayofuata. Hapo timu ama huvumilia, ama hufuta kila kitu na kuanza upya na utaratibu mwingine wenye jina jingine. Njia zote mbili huiacha timu palepale, kwa sababu hakuna aliyejua kazi ilikwama wapi.

Watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, Februari 2001, ndio walioanzisha tamko la ajaili, lenye maadili manne na kanuni 12. Kanuni ya mwisho inaitaka timu, kila baada ya muda fulani, itafakari namna ya kuongeza ufanisi kisha irekebishe mwenendo wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni inayozibeba nyingine zote. Timu inayoishika itayafikia mengine hata ikianza vibaya. Mwongozo wa Skramu, mojawapo ya taratibu za ajaili, wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la 2020, unatenga hadi saa 3 za kikao cha tathmini kwa sprinti ya mwezi mmoja. Kwa sprinti ya wiki mbili, dakika 90 zinatosha. Muda tunao. Kinachokosekana ni kitu cha kuweka mezani tunapokaa.

Kwa hiyo anzeni na kipimo, na kipimo cha kwanza hakihitaji kununua programu yoyote. Chukueni kadi 30 zilizokwisha karibuni. Kwa kila kadi andikeni tarehe mbili: siku mtu alipoanza kuifanyia kazi, na siku ilipomfikia mtumiaji. Nasema ilipomfikia mtumiaji, si siku mwandishi wa msimbo, yaani wa maandishi ya programu, aliposema amemaliza. Hesabuni siku zilizo kati ya tarehe hizo, kisha zipangeni kadi kuanzia yenye siku chache hadi yenye siku nyingi. Kadi ya 15 na ya 16 zinawaonyesha katikati. Kadi ya 26 inawaonyesha muda ambao takriban asilimia 85 ya kazi zenu hukamilika ndani yake.

Tuseme katikati ni siku 6, na kadi ya 26 imechukua siku 24. Mkimwambia mwenye mfumo, yaani ofisi iliyouagiza, kwamba kazi huchukua siku 6, karibu nusu ya mara mtamwangusha. Mkimwambia siku 24, mtatimiza mara nyingi, ila ni nyingi mno. Pengo hilo kati ya 6 na 24 ndilo la kufanyia kazi. Zisomeni kadi tano za mwisho moja moja, na muulizane kila siku ilipita wapi. Mara nyingi mtakuta kwamba kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ilikaa ikisubiri: mtu wa kukagua msimbo, seva ya majaribio, jibu la idara nyingine, au afisa aliye safarini.

Ubao wenye safu tatu tu, "bado", "inafanyika" na "imekwisha", hauwezi kuwaonyesha hayo, maana safu ya katikati inameza kila kitu. Ndiyo maana rekebisho la kwanza kwa timu nyingi huwa la ubao wenyewe. Igaweni safu ya katikati ifuate njia halisi ya kazi yenu: kuandika, kusubiri ukaguzi, ukaguzi, kusubiri majaribio, majaribio, kusubiri idhini ya mwenye mfumo, tayari kwenda hewani, yaani kuanza kutumiwa na watu. Safu za kusubiri zikae peke yake. Msiiongezee timu sheria yoyote wakati huo. Kaeni na ubao mpya kwa sprinti mbili, na kila siku mhesabu kadi zilizo katika kila safu. Safu inayovimba itajionyesha yenyewe.

Hapa kuna hesabu moja ambayo kila msimamizi wa mradi anapaswa kuishika. Mwaka 1961 John Little alithibitisha uhusiano unaobeba jina lake: katika mfumo uliotulia, wastani wa kazi zilizo ndani ni sawa na kasi ya kazi kuingia na kutoka, mara muda wa wastani ambao kila kazi hukaa humo. Chukueni timu ya watu 6 yenye kadi 24 zilizoanzwa, na inayomaliza kadi 6 kwa wiki. Gawanya 24 kwa 6: kila kadi hukaa wiki 4. Timu hiyo hiyo, kwa kasi hiyo hiyo, ikiwa na kadi 12 tu wazi, kila kadi hukaa wiki 2. Hakuna aliyekesha, hakuna aliyeajiriwa, na mtumiaji anapata kazi yake mapema kwa wiki mbili. Masharti yake ni kwamba kasi ya kumaliza isishuke, na kadi zisianzishwe kwa wingi kuliko zinavyokwisha.

Basi wekeni ukomo wa kazi zilizo wazi, lakini taratibu. Timu iliyozoea kadi 24 ikiambiwa kuanzia Jumatatu ni kadi 6, kila mtu moja, itakwama siku ya kwanza kadi moja ikizuiwa, na ifikapo Ijumaa sheria imevunjwa na haiaminiki tena. Punguzeni kwa takriban robo au chini ya hapo: kutoka 24 hadi 18, mkae sprinti mbili, kisha 14, kisha 12. Anayemaliza kazi yake asichukue mpya kabla ya kutazama upande wa kulia wa ubao: kuna ukaguzi unaosubiri? Kuna majaribio ya kusaidia? Kadi iliyozuiwa nayo ihesabiwe ndani ya ukomo. Watu hupenda kuitoa kadi iliyozuiwa ubaoni ili wapate nafasi, na wakifanya hivyo ukomo unabaki wa maandishi tu, kizuizi chenyewe kinasahaulika.

Sasa tuje kwenye kikao cha tathmini, maana hapo ndipo marekebisho huzaliwa au hufa. Dakika 90 zinaweza kugawanywa hivi: 10 za matokeo ya jaribio lililopita, 15 za takwimu za ubao, 10 za kila mtu kuandika kimya kimya, 25 za kujadili tatizo moja lililochaguliwa, 20 za kuandika jaribio jipya, na 10 za kupanga nani anafanya nini. Dakika zile 10 za kuandika kimya msizipuuze. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na heshima hiyo ni njema. Lakini mzee wa timu au mkurugenzi akitangulia kusema, kijana aliyekuwa na jibu hunyamaza. Kwanza kila mtu aandike kwenye karatasi, karatasi zikusanywe na zisomwe bila majina, na katika mjadala aanze mwenye umri mdogo kazini. Uenyekiti wa kikao uzunguke. Mkuu wa idara anayepanga tathmini ya utendaji ya watumishi ni bora asikae katika kikao hiki. Apelekewe uamuzi uliofikiwa na msaada unaohitajika.

Jaribio liandikwe kwenye kadi, nalo libandikwe ubaoni kama kazi nyingine. Liwe na mistari mitano. Wa kwanza ni tunachokiona: katika mfano wetu, kadi 11 kati ya 30 zilisubiri ukaguzi wa msimbo zaidi ya siku 3. Wa pili ni tutakachobadilisha: kila siku saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, mtu anakagua kinachosubiri kabla ya kugusa kazi yake. Wa tatu ni tunachotarajia: hakuna kadi itakayosubiri ukaguzi zaidi ya siku 1. Wa nne ni tunachohofia: wakaguzi watapitisha haraka haraka ili kuondoa foleni, kwa hiyo tutahesabu pia kasoro zinazogunduliwa mfumo ukiwa hewani. Wa tano ni tarehe ya uamuzi: mwisho wa sprinti ya pili, tutaendelea nalo, tutalirekebisha au tutaliacha.

Mstari wa nne ndio husahaulika zaidi, na kukosekana kwake huumiza. Karibu kila rekebisho huharakisha mahali fulani kwa kubana pengine. Ukipima upande ulioharakishwa tu, utashangilia huku ubora unaporomoka.

Katika jaribio hilo kuna mtu atakayesema: wakati tunapanga saa za ukaguzi, tuweke pia kikomo kwamba badiliko moja la msimbo lisizidi mistari 300. Wazo zuri, maana mabadiliko makubwa hukaguliwa juu juu. Liandikeni, lisubiri zamu yake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo akibadilisha mbolea, ratiba ya maji na namna ya kupogoa katika msimu mmoja, mavuno yakipanda hajui ashike kipi, yakishuka hajui aache kipi. Timu iliyobadilisha urefu wa sprinti, muundo wa ubao na namna ya kukadiria kazi kwa wakati mmoja iko katika hali hiyo hiyo, na kwa kawaida huishia kuacha yote matatu.

Mpangilio wa marekebisho nao una maana yake. Timu nyingi zikisikia kwamba sprinti fupi ni nzuri hukimbilia kutoka wiki mbili hadi wiki moja. Hesabuni kwanza. Ikiwa majaribio ya kurudia, yale ya kuhakikisha kwamba vipengele vya zamani havijaharibika, yanafanywa kwa mikono na huchukua siku 3, basi katika sprinti ya siku 10 za kazi yanakula asilimia 30. Katika sprinti ya siku 5 yanakula asilimia 60. Matokeo yake mtu wa majaribio anafupisha, anaruka sehemu, na kasoro zinakwenda kwa mtumiaji. Kwa hiyo majaribio yaandikwe kwanza yawe ya kujiendesha, na msimbo wa kila mtu uunganishwe kwenye tawi kuu, yaani nakala kuu ya msimbo wa timu, angalau mara moja kwa siku, majaribio yakijiendesha kila unapounganishwa. Msingoje kuandika majaribio ya mfumo mzima. Anzeni na njia zinazobeba fedha na zinazobeba kuingia kwenye mfumo: kutengeneza namba ya malipo, kupokea uthibitisho wa malipo, kutoa risiti, kumthibitisha mtumiaji. Kila kasoro inayopatikana hewani iandikiwe jaribio kabla ya kurekebishwa. Majaribio ya mikono yakishuka kutoka siku 3 hadi nusu siku, hapo jadilini urefu wa sprinti.

Kuhusu kikao cha asubuhi nitasema machache. Ni dakika 15, tena wakiwa mbele ya ubao. Mwongozo wa 2020 uliondoa yale maswali matatu ya jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nini kinanizuia. Badala ya kuzunguka mtu kwa mtu, someni ubao kutoka kulia kwenda kushoto, kadi iliyo karibu na kumalizika ikitangulia, na kwa kila kadi muulize inahitaji nini itoke leo. Watu wakiacha kumtazama bosi wanapozungumza, mtajua kikao kimepona.

Na pointi za makadirio, zile namba timu inazozipa kazi kukadiria ukubwa wake: zibaki ndani ya timu. Mara tu zikiingia kwenye taarifa ya robo mwaka kama lengo, zitapanda bila kazi kuongezeka, kwa sababu anayekadiria ndiye anayepimwa.

Ndugu zangu, liko badiliko moja kubwa ambalo halitokani na kikao chochote, nalo ni mfumo kwenda hewani. Kabla ya siku hiyo kazi zote zinatoka kwenye orodha mliyoipanga. Baada ya siku hiyo simu zinaanza kutoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa: afisa wa halmashauri hawezi kuingia, malipo hayaonekani, ripoti haifunguki. Timu inayoendelea na sprinti ile ile kana kwamba hakuna kilichobadilika itashindwa kutimiza mpango wake kila mara, na watu watakata tamaa wakidhani wamekuwa wavivu.

Wekeni alama ya rangi kwenye kila kadi iliyoingia katikati ya sprinti. Baada ya sprinti tatu hesabuni. Zikiwa chini ya moja ya tano ya zilizokamilika, acheni nafasi ya kiasi hicho mnapopanga, basi. Zikifika karibu theluthi, wekeni mtu wa zamu: kila wiki mtu mmoja anapokea dharura zote, wengine hawaguswi, na wiki inayofuata anabadilishwa. Mtu wa zamu asipewe kadi ya mpango yenye tarehe. Zikizidi nusu, sprinti haiwasaidii tena kama chombo cha kupanga. Hamieni kwenye mtiririko wa Kanbani, ambao mizizi yake iko katika viwanda vya Toyota nchini Japani: kazi inavutwa nafasi inapopatikana, ukomo unalindwa, na kikao cha tathmini kinabaki kila wiki mbili. Narudia, tathmini ibaki. Timu nyingi zinapoacha sprinti huacha na tathmini, na baada ya hapo hakuna tena mahali pa kurekebisha kitu. Viwango hivi nilivyovitaja ni vya kuanzia. Takwimu zenu zikisema vingine, fuateni zenu.

Sisi wa Dodoma tuna kalenda yetu, na majaribio lazima yaiheshimu. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Kuanzia Aprili hadi Juni Bunge la bajeti linaendelea, maafisa wanaopaswa kuona kazi yenu wanahitajika bungeni na kwenye kamati, na Juni ni mwezi wa kufunga hesabu ambapo mfumo wa malipo hauguswi bila sababu nzito. Jaribio linalotegemea mwenye mfumo kuja kila wiki mbili likianza Mei, litaonekana limeshindwa hata kama ni zuri. Mabadiliko yanayohusu watu wa nje ya timu yaanze Agosti au Septemba. Kipindi cha Aprili hadi Juni kitumieni kwa marekebisho ya ndani: majaribio ya kujiendesha, ukaguzi, ubao.

Mikataba nayo huleta ugumu wake. Hadidu za rejea zinataja awamu, na malipo yanafuata awamu. Wengi husema basi ajaili haiwezekani. Inawezekana kwa kiasi kikubwa, mkitenganisha kinachoahidiwa na namna ya kukifikia. Awamu iahidi uwezo, kwa mfano mwombaji aweze kutuma ombi, kulipia na kufuatilia hali yake, na si orodha ya skrini 43. Hati ya mahitaji iwe na kiambatisho kinachoweza kubadilishwa kwa makubaliano ya maandishi ya pande mbili bila kugusa mkataba wenyewe. Na kukubali kazi kusisubiri mwisho. Kila baada ya sprinti mbili mwenye mfumo aone kazi ikiendeshwa na mtumiaji halisi, atie saini fomu ya ukurasa mmoja yenye alichokubali na alichokataa. Awamu ikiisha, fomu hizo zinakuwa tayari zimekusanyika. Kipengele cha mtumiaji halisi msikilegeze. Afisa wa makao makuu pale Mtumba anaweza kupitisha skrini ambayo mhudumu wa dirishani kule wilayani, mwenye intaneti hafifu na foleni mbele yake, hawezi kuitumia.

Ziko pia hatua zisizoguswa na jaribio lolote. Aliyeandika msimbo unaogusa fedha asiwe peke yake anayeuidhinisha kwenda hewani. Nakala ya akiba ya kanzidata ichukuliwe kabla ya kila badiliko la muundo wake, na kurejesha kwake kuwe kumejaribiwa. Taarifa halisi za wananchi zisitumike kwenye seva ya majaribio. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria hiyo, namba ya simu ya mtu si kitu cha kuchezea. Hatua hizi zikichelewesha kazi, harakisheni namna zinavyofanywa. Kuziondoa kusiwemo kwenye orodha ya kujadili.

La mwisho ni kumbukumbu. Kila jaribio likifika tarehe yake, andikeni mistari mitatu chini ya kadi: kilichotokea, tulichoamua, sababu. Zitunzeni kadi hizo mahali pamoja na msimbo, si kwenye kundi la WhatsApp ambako zitapotea ndani ya siku mbili. Majaribio yaliyoshindwa yaandikwe kwa uangalifu kuliko yaliyofaulu, pamoja na mazingira yake: mlikuwa watu wangapi, mfumo ulikuwa hewani au bado, kipindi gani cha mwaka. Kilichoshindwa timu ikiwa na watu 4 kinaweza kufaa ikiwa na watu 9. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anapokuja kwenu kwa mafunzo kwa vitendo, au mtumishi anapohamia kutoka Dar es Salaam, mpeni kumbukumbu hiyo aisome siku ya kwanza, kabla ya kumfungulia msimbo. Baada ya mwezi mmoja mwombeni aandike maswali matatu: hatua gani haelewi inasaidia nini. Hatua ambayo hakuna mmoja wenu anayeweza kumweleza sababu yake, iandikieni jaribio la kuiacha kwa sprinti mbili.

Asanteni sana. Nitapokea maswali.